Mikono Iliyojua Kukunja

Sehemu ya tisa

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana nami kwenye ukurasa huu, usijali, hujachelewa sana. Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi. Nina mume, mwalimu wa udereva, ambaye wanafunzi wake wamempachika jina la Breki kwa sababu mguu wake hauondoki kwenye ile breki ya pili iliyo upande wa mwalimu. Tulikuwa na binti mmoja, Kidoti, akafa akiwa na miaka kumi na mmoja. Tangu siku hiyo nimekufa ganzi. Msiniambie ni huzuni. Huzuni ninaijua. Hii ni ganzi, kama mdomo uliotoka kwa daktari wa meno.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnayajua hayo. Mnajua pia kwamba duka letu hufua vitambaa vya altare vya kanisa Katoliki la mtaa wa pili, na kwamba siku moja nilipovipeleka nilikaa kwenye benchi kupumzisha miguu, misa ikaanza nikiwa nimekaa, nikaona aibu kutoka.

Kote nilikopelekwa baada ya msiba waliniambia nilie, au nifurahi, au nipige makofi. Pale hakuna aliyeniuliza najisikiaje. Walisimama, nikasimama. Walipiga magoti, nikapiga. Maneno yote yalikuwa yameshaandikwa, kazi yangu ilikuwa kuyasema tu. Kwa mtu asiyehisi kitu, hiyo ni neema kubwa. Wiki iliyofuata nilirudi bila vitambaa. Mwezi uliofuata nikajiandikisha kwenye mafundisho.

Wiki iliyopita niliishia pale Breki alipokikuta kitabu changu cha mafundisho ndani ya foronya. Hakupiga kelele. Alikiweka mezani, akakisogeza mpaka kikalingana na ukingo wa meza, akasema, "Mama Kidoti, kitu cha hao watu kisiingie humu ndani. Chagua. Wao au mimi."

Wengi mmenitumia ujumbe. Nusu mnasema niache kanisa, nusu mnasema niache mume. Kuna mmoja amesema niwaache wote wawili nimtafute yeye. Nimewasikia. Lakini someni kwanza yaliyofuata.

Ijumaa ile mtambo wa mvuke wa dukani ulikufa. Ulipiga mluzi, ukatema maji, ukanyamaza.

Bosi wangu ni mwanamke anayeongea na mashine kwa adabu kama anaongea na wakwe. Aliusihi, akaubembeleza, mwisho akaupiga teke.

"Vya kanisa lazima vifike kesho," akaniambia. "Nyumbani una pasi?"

"Ninayo."

"Basi chukua uvimalizie huko. Na safari hii uvikunje kabisa. Yule sista anayevikunja amesafiri."

"Vinakunjwaje?"

"Kitambaa ni kitambaa. Kunja kama vya hoteli. Mara mbili, mara mbili, upande mzuri nje."

Nilitaka kumweleza amri ya Breki. Sikumweleza. Ganzi ina ubaya huo: shimo unaliona, na bado unaendelea kutembea.

Breki hurudi saa kumi na moja. Saa nane nilikuwa nimeshatandika blanketi juu ya meza ya kulia na pasi imeshika moto. Kitani hakipigwi pasi kikiwa kikavu. Unakinyunyizia maji, unakiviringisha, unakiacha kinywe, kisha unaanza na upande wa nyuma. Saa tisa kasoro nilikuwa nimemaliza vya kufutia kikombe na vya kufutia mikono. Kikabaki kile cha mraba, kinachotandikwa juu ya altare chini ya kikombe na hostia, ule mkate wa misa, chenye msalaba mdogo mwekundu uliotariziwa.

Nikakikunja kama vya hoteli. Mara mbili, mara mbili, upande mzuri nje.

Mlango ukafunguliwa.

"Mbona mapema?" nikauliza.

"Mwanafunzi kagonga nguzo."

"Kaumia?"

"Nguzo ndiyo imeumia." Akainama kuvua viatu. "Namwambia kushoto, ananijibu ndiyo mwalimu, anakwenda kulia. Nimekanyaga breki mpaka goti linauma."

Ndipo akainua kichwa akaona meza.

Nikasubiri. Miaka kumi na saba ya ndoa, namjua Breki akikasirika. Huongea polepole, kama anayemwelekeza mtu kurudi nyuma. Safari hii alisogea, akakitazama kile kitambaa, midomo ikamcheza kidogo.

"Umekikunja vibaya," akasema.

Akakichukua. Akakifungua akakilaza. Akaukunja ukingo wa karibu yake ukaingia ndani, kisha ule wa mbali ukaja juu yake. Halafu wa kulia, halafu wa kushoto. Tatu kwa tatu, yote kwa ndani, hata ukikifungua unahesabu vyumba tisa. Mwisho akaishika ncha ya juu kwa vidole viwili, akaigeuza nyuma kidogo, ikabaki imesimama. Hakutazama mikono yake hata mara moja. Ilimchukua muda wa kupiga chafya mbili.

"Kinakunjwa kwa ndani," akasema, "ili chembe zikianguka zibaki humo humo."

"Chembe za nini?"

Hapo ndipo aliposikia alichokisema. Akaishusha mikono, akairudisha nyuma ya mgongo.

"Maliza utoe hivyo vitu hapa," akasema, akaingia bafuni. Nikasikia bomba limefunguliwa, na maji yakaendelea kutiririka muda mrefu kupita haja ya mtu yeyote.

Mke mwingine angemfuata akagonga mlango. Mimi nilizima pasi, nikaviringisha waya, nikavipanga vitambaa kwenye mfuko, kile cha vyumba tisa juu kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, lakini miaka yote hiyo sikukiona.

Jumamosi nilipeleka mfuko. Nyumbani hatukuulizana kitu. Alinipa chumvi nilipoiomba.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma, mahali petu sisi tunaojifunza. Siku hiyo tulitangaziwa kwamba majina yetu yangesomwa Jumapili inayofuata mbele ya watu wote, na atakayesomwa ndiye atakayebatizwa Pasaka. Asiyesomwa atasubiri mwaka mwingine, kama atakuwepo.

Mimi nilitaka kusomwa. Ni ajabu mtu asiyehisi kitu kutaka kitu, lakini nilikitaka. Nilitaka mtu alitaje jina langu kwa sauti na watu waitikie.

Padri wetu ni mtu wa makamo, mnene kiasi, asiye na mbwembwe. Alipofika mahali pa kutandika kile kitambaa, akanyoosha mkono, kidole kikagusa ile ncha iliyosimama. Akaganda.

Waimbaji wakamaliza ubeti. Wakaurudia. Wakatazamana. Padri bado kaganda.

Kisha akaivuta ile ncha kwa kidole kimoja, kitambaa kikafunguka chote kwa mkupuo, na misa ikaendelea. Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, na mwisho alisahau kusoma matangazo ya kwaya.

Baada ya misa akaniita ofisini. Alifunga mlango, hakukaa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Mama, vitambaa vya wiki hii amevikunja nani?"

"Mimi." Nikauona uso wake. "Isipokuwa kile cha mraba. Hicho amekikunja mume wangu."

"Mume yupi? Yule wa kwenye fomu?"

Kwenye fomu ya mafundisho, mahali pa jina la mume, niliandika neno moja tu: yupo. Padri alishaniambia mara mbili nikarekebishe.

"Huyo huyo."

"Anaitwa nani?"

Nikamtajia jina lake, la babake na la babu yake. Humu gazetini silitaji, mtaniwia radhi.

Padri akakitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Ana kovu chini ya kidevu?"

"Analo. Alianguka kwenye baiskeli."

"Baiskeli ilikuwa yangu," Padri akasema.

Alikuwa anatazama sakafu.

"Tulikuwa na mwalimu mmoja mzee, macho yameshakwisha. Yeye ndiye aliyetufundisha kuiacha ile ncha, ili mtu aweze kukifungua bila kuona. Ni darasa letu tu. Mwaka uliofuata mzee akastaafu. Mimi mwenyewe niliacha zamani kuisimamisha, siku hizi vinakunjwa kama vya kila mtu."

"Darasa la nini, Padri?"

"Muulize yeye, mama. Si haki yangu kusema."

"Na jina langu Jumapili?"

"Nisikudanganye. Kama ni yeye, siwezi kukubatiza hali ikiwa hivi ilivyo. Mwambie aandike barua."

"Barua gani?"

"Anajua barua gani. Ikiwa mkononi mwangu kabla ya Jumapili, jina lako nitalisoma, na mengine tutayanyoosha polepole hata kama yatachukua muda. Isipokuwepo, nalifuta. Si kwa kupenda."

Nikamshukuru, nikatoka. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba sabuni imekwisha.

Breki alikuwa anaosha vyombo. Jumapili huosha yeye.

"Padri anasema uandike barua," nikamwambia.

Sahani ikabaki imeelea mkononi. "Padri gani?"

"Mwenye baiskeli."

Akaiweka sahani chini taratibu. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Akavuta kiti, akakaa upande wake wa meza.

"Amenenepa?"

"Kiasi."

"Alikuwa fito." Akaanza kucheka, kicheko kikamwishia njiani.

"Baba Kidoti, lile lilikuwa darasa la nini?"

"Nilikuwa padri," akasema. "Miaka minne. Kisha asubuhi moja nikaziweka funguo za nyumba mezani, nikaondoka. Sikuaga, sikuandika barua. Mwaka huu ni miaka kumi na tisa. Kwa hiyo kwao mimi bado ni padri, na padri haoi. Kitu kile hakifutiki, hata ukiwa unafundisha watu kuegesha magari."

Nilingoja nione kama moyo utaruka. Haukuruka. Nilisikia friji inaunguruma, nikasema moyoni kwamba inahitaji fundi.

"Kwa nini uliondoka?"

"Jioni. Sikuziweza jioni. Mchana kutwa watu wamejaa mlangoni, jua likizama mlango unafungwa, unabaki wewe na kijiko chako." Akawa anausugua ukingo wa meza kwa kidole gumba. "Halafu ukaja wewe kujifunza gari, ukagonga geti."

"Niligonga ukuta."

"Geti kwanza. Ukuta ni wiki iliyofuata."

"Ukanioa kwa msajili, ukaniambia dini ni za watu wavivu."

"Niliyasema hayo."

"Ulikuwa huamini?"

"Laiti ningekuwa siamini. Ningekuacha uende kila siku, ningekubebea na mwavuli. Mwenye kovu usidhani kapoa, Mama Kidoti. Ulipoanza kurudi na harufu ya ubani kwenye nywele, mimi nilihamia upande wa ukuta kitandani."

Ni kweli alihamia. Nilidhani anakimbia feni.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambia ungeniuliza maswali. Na mimi majibu yote ninayo, hilo ndilo tatizo. Nilifundishwa miaka minane."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani. Tuliusikiliza wote wawili.

"Kuna jingine," akasema.

"Sema."

"Kidoti."

Jina hilo kwetu halisemwi peke yake. Husemwa likiwa na Mama au Baba mbele yake, ili lisiume. Yeye alilisema tupu.

"Ile asubuhi ya hospitali," akaendelea, "wewe ulikwenda nyumbani kuleta blanketi."

"Nilikwenda."

"Alianza kuondoka ukiwa njiani. Niliona. Nimekaa na wengi wakiondoka, ile pumzi naijua. Nikachukua chupa ya maji yake ya kunywa, nikamimina kidogo kwenye kifuniko. Nikambatiza."

"Alijua?"

"Alisema maji ni ya baridi. Akacheka."

Miaka miwili nimekaa nikijua kwamba mwanangu alikwenda bila kusema neno. Kumbe alilisema, na aliyelisikia alikuwa anakula nami, analala nami, ananiulizia soksi zake ziko wapi.

"Miaka miwili umenificha," nikasema.

"Ningeanzia wapi? Ukiniuliza nimembatiza kwa ruhusa ya nani, ningejibu nini?"

Nilijua kwamba hapo ndipo pa kulia. Niliyatafuta machozi kama mtu anavyotafuta miwani, kila mahali nilipozoea kuyaweka. Hayakuwepo. Nikasimama nikamalizia vyombo vilivyobaki. Yeye akavikausha. Tukavipanga kabatini kila kimoja mahali pake.

Nilipoweka kikombe cha mwisho nikasema, "Basi iandike hiyo barua. Waombe wakufungue na upadri wao. Wakikufungua tufunge ndoa ya kwao, nami nibatizwe. Alikokwenda Kidoti nataka na mimi niende."

Akanitazama muda mrefu, na sikuelewa anatazama nini.

"Nitaandika," akasema.

Aliandika Jumatatu asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilimwona kutoka jikoni. Mgongo umenyooka, kalamu haisiti, hakuna karatasi iliyochanwa wala kukunjwakunjwa. Nikawaza kwamba barua ile alikuwa nayo kichwani miaka yote kumi na tisa.

Alikuwa ameshanyoa ndevu. Alikuwa amevaa shati jeupe la kola ngumu ambalo hulivaa siku za mitihani ya wanafunzi wake.

"Mpe mkononi mwake," akasema. "Usimwachie mtu mwingine."

"Sawa."

Akaniwekea mkono begani, akauondoa.

Bahasha haikugundishwa. Ama alisahau, ama alitaka nisome. Mpaka leo ninapoandika haya sijui ni lipi, na kila moja lina ubaya wake.

Dukani mtambo ulikuwa umepona. Nilipiga pasi mashati thelathini na kitu, na katikati ya mashati nikajikuta nawaza nitavaa nini. Kwenye ubatizo watu huvaa nyeupe, hilo nilishaambiwa. Lakini kwenye ndoa? Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, shela litamchekesha nani? Labda gauni la kawaida, rangi ya maziwa, na mkanda.

"Leo una nini?" Bosi akaniuliza.

"Kwani nina nini?"

"Unaimba."

Sikujua kwamba naimba. Nikanyamaza, lakini midomo ilibaki na ladha ya wimbo.

Saa saba mchana nikaomba ruhusa, nikatoka. Kutoka dukani mpaka kanisani ni mwendo wa dakika kumi. Katikati kuna fundi wa vioo vya madirisha mwenye kibaraza chenye kivuli. Nikasimama pale, nikajiambia nataka tu kuona mwandiko wake ukiwa kwenye jambo zito. Nikaitoa barua.

Ilianza kwa heshima, Baba Askofu, na salamu ndefu. Kisha akasema yeye ni nani, alipewa upadri mwaka gani, aliondoka mwaka gani. Akaomba msamaha bila kujitetea. Akamtaja mtoto wake, akasema alimbatiza kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba tangu saa ile hajapata usingizi wa kweli. Hapo nikasimama kidogo, nikafuta jasho. Nilikuwa najivunia mume wangu.

Kisha nikafika kwenye aya ya tatu. Nainakili kama ilivyo.

"Siombi kufunguliwa. Naomba kurudi, kama bado inawezekana. Niko tayari kwa adhabu yoyote na mahali popote nitakapotumwa. Mwanamke ninayeishi naye anaomba ubatizo. Tukitengana, yeye atakuwa huru kuupokea, nami nitakuwa huru kurudi kazini mwangu. Naamini hatakuwa kizuizi."

Nikaisoma tena. Nikaisoma tena.

Mwanamke ninayeishi naye.

Nimemzalia huyu mtu. Nimemzika naye mtoto. Ninajua jino lake linalouma akinywa kitu cha baridi, najua ndoto yake ya gari lisilo na usukani. Na mwandiko wake haukutetereka hata kwenye neno moja.

Hapo, wasomaji wangu, kwenye kibaraza cha fundi wa vioo, ganzi ikanitoka. Niliisubiri miaka miwili. Nilidhani itatoka kwa machozi, au kwa sala, wengine wenu mliniambia itatoka kwa dawa za mitishamba. Ilitoka kwa wivu. Nilimwonea wivu Mungu. Angekuwa mwanamke ningemfuata kwake, nimshike nywele, majirani watoke waangalie.

Fundi akaniuliza kama nataka maji. Nikamwambia hapana, nataka kukaa tu, naye akanisogezea kiti.

Kibaya zaidi ni kwamba kila alichoandika ni kweli. Nikiipeleka barua ile, Jumapili jina langu linasomwa, Pasaka nabatizwa, na hakuna anayeweza kuninyooshea kidole. Nimekitaka kitu hicho kuliko nilivyokitaka kitu chochote tangu nimzike mwanangu. Kilikuwa mkononi, ndani ya bahasha isiyogundishwa. Ila kikiingia mlangoni, Breki anatoka.

Nikairudisha barua kwenye mkoba. Nikamshukuru fundi, nikaendelea na safari.

Padri alikuwa nje ya ofisi, amesimama juani. Kama alikuwa ananisubiri mimi au anajisimamia tu, sijui. Aliponiona akaja kunipokea.

"Ameandika?"

Nilimtazama mtu yule. Hajawahi kunikosea. Alinipa benchi nikae nilipokuwa sina pa kukaa, hakuniuliza swali.

"Bado, Padri."

"Bado, au amekataa?"

"Amesema hana la kuandika."

Akainamisha kichwa. Nilidhani atanihubiria. Alipoinua uso niliona kwamba ni yeye aliyeumia kuliko mimi.

"Basi jina lako, mama..."

"Najua. Lifute."

Kulisema neno lile kuliniuma, na maumivu yalikuwa mageni kwangu kiasi kwamba nilishika ukuta.

"Subiri kwanza," Padri akasema. "Hii kazi ya barua nimekutwika bure. Mtu unayemtafuta unamfuata alipo. Kesho akishatoka kazini nitakuja kwenu, nikae naye. Nitamkuta?"

Ningeweza kusema amesafiri. Ningeweza kusema anaumwa. Uongo wa kwanza ulikuwa umenitoka vizuri, wa pili vizuri zaidi, lakini wa tatu ulikataa kuja.

"Utamkuta, Padri."

"Usimwambie. Atakimbia. Alikimbia mara moja."

Nilirudi dukani nikapiga pasi mpaka saa kumi na mbili. Sikuimba. Nilichoma kola ya mtu, jambo ambalo sijalifanya tangu nianze kazi.

Breki alikuwa amesimama mlangoni kwetu. Alikuwa na lile shati jeupe, na usoni alikuwa na kitu nilichokuwa nimekisahau. Alikuwa na furaha. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu Kidoti alipokuwa hai.

"Ameipokea?" akaniuliza.

"Ameipokea."

"Mkononi mwake?"

"Mkononi mwake."

Akavuta pumzi, akaitoa yote. "Amesema nini?"

"Amesema usubiri," nikamjibu, nikampita, nikaingia ndani kupika.